Hela imeingia, lakini si yako bado

Naishi Ujerumani, na jioni nikitoka kazini nauza masomo ya Kiswahili ya kusikiliza kwenye intaneti. Biashara ya mtu mmoja na kompyuta yake. Kabla sijaja huku niliamini tabu ya malipo ni yetu sisi tu, na mwenye akaunti ya benki ya Ulaya keshamaliza kazi. Nimejirudi.

Kuna mwezi masomo yalitoka kuliko kawaida, kwa sababu mwalimu mmoja aliwaelekeza wanafunzi wake kwangu. Nilifurahi siku mbili. Siku ya tatu kampuni inayonipokelea malipo ya kadi ikaniandikia: mauzo yamebadilika ghafla, fedha zimezuiwa, tuma kitambulisho na bili ya umeme isiyozidi miezi mitatu. Bili ya umeme kwetu ina jina la mke wangu. Nikatuma mkataba wa nyumba. Ukakataliwa kabla hata sijafunga ukurasa, kwa hiyo hakuna binadamu aliyeusoma. Nikatafuta namba ya simu, hakuna. Kuna kidirisha cha kuandikia, na anayejibu ni roboti anayenishukuru kwa uvumilivu ambao sikuwa nao. Wiki saba baadaye fedha ziliachiwa kimya kimya, kama zilivyozuiwa.

Nyumbani Tanzania, hela ikiingia kwenye simu imeingia. Meseji inalia, unaona jina la aliyetuma, kiasi na salio, na ukitaka unatoka hapo hapo kwenda kwa wakala. M-Pesa ilianza Kenya 2007, kwetu ikafika mwaka uliofuata, na siku hizi hata muuzaji mdogo ana lipa namba yake. Makato tunayalalamikia, na tozo ya miamala ya 2021 ilituuma kweli mpaka serikali ikaipunguza. Ila hakuna aliyewahi kuniuliza bili ya umeme kwa kosa la kuuza sana.

Sisemi kwetu ni peponi. Kosea tarakimu moja, hela iende kwa mtu usiyemjua, naye aitoe kabla hujawapata huduma kwa wateja, uone kama utaipata. Ukilipa mtandaoni ukaletewa boksi tupu, ni wewe na boksi lako. Na hapo ndipo ninapoona tofauti yenyewe: kwetu muamala ukiharibika hasara ni ya aliyelipa, huku ni ya aliyeuza. Mwenye kadi anaweza kupinga malipo hata baada ya miezi mitatu, benki ikamrudishia, mimi nikakatwa hela ile pamoja na ada ya usumbufu. Ulinzi huo uliwahi kuniokoa nami nilipolipia kiti ambacho hakikufika, siubezi. Lakini duka kubwa lina watu ambao kazi yao kutwa ni kujibu mapingamizi hayo. Mteja wangu mmoja alipakua masomo yote 12, kisha akadai hakupokea kitu. Nilituma kumbukumbu za upakuaji, saa na tarehe. Nikashindwa.

Makato nayo yana ujanja wake. Tangu 2015 Umoja wa Ulaya umeweka ukomo kwa ada inayokwenda kwa benki ya mwenye kadi: asilimia 0.2 kwa kadi zinazokata hela moja kwa moja kwenye akaunti, 0.3 kwa za mkopo. Ukisikia hivyo utadhani tumepona. Hiyo ni ya benki kwa benki. Kampuni ya kati inaongeza asilimia yake na senti kadhaa zisizobadilika kwa kila muamala, na kwa anayeuza vitu vya bei ndogo ni senti hizo zinazomkausha.

Oktoba 2025 benki za eneo la euro zililazimika kuwapa wateja namna ya kutuma hela ikafika ndani ya sekunde 10, usiku na mchana. Kazini wenzangu waliistaajabia. Mimi nilinyamaza.

Juzi mdogo wangu alitaka kumnunulia mgeni wanayefanya naye kazi masomo yangu. Ukurasa ukamdai namba ya kadi. Kadi hana, hela anayo kwenye simu. "Kaka, si nikurushie tu?" Nikamweleza kwamba mfumo wangu hauitambui simu yake. "Yaani uko Ulaya halafu hupokei hela?" Nikamtumia masomo bure, nikamwambia hiyo hela ampe mama. Mama alikuwa ameshaipokea kabla sijamaliza kumwelekeza jinsi ya kufungua faili.