Friji la Mama Debora na afisa ustawi

Naona pole zinaingia tu. Shoga yangu wa Ipagala keshawaambia kwamba nimenaswa na friji la watu mbele ya serikali na mtoto tumenyimwa. Friji ni kweli. Mtoto hatujanyimwa. Ngojeni niwape yenyewe, maana ya kwake ina chumvi ya kukaushia ng'ombe mzima.

Mnaofuatilia mnajua tulipofika. Barua ya kuomba kuasili mtoto, yaani awe wetu kisheria, ilishakwenda ustawi wa jamii na viambatisho vyake: vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, barua ya serikali ya mtaa, uthibitisho wa kipato. Umri hautusumbui, Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka mwombaji awe ametimiza miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka 21 walau. Ikabaki afisa ustawi aje nyumbani, aone tunavyoishi, aandike taarifa. Bila hiyo taarifa hupewi mtoto wa kulea kwa malezi ya kambo, yaani kukaa naye kwa muda kabla ya kumuasili, na kama hujakaa naye kwanza, Mahakama Kuu unakwenda kuomba nini?

Basi shangazi wa mume wangu akatoka Bahi kwa ajili ya ugeni huo tu. Akaikagua sebule, akasonya. "Nyumba haina hata friji, mtoto watawapa kweli?" (Kipengele cha friji hakipo popote. Nimesoma.) Ila shangazi huyu ukibishana naye ujue huna kazi nyingine siku hiyo. Nikaenda kwa jirani, Mama Debora, anayeuzia wanafunzi barafu za ubuyu. Akakubali kwa masharti: barafu zisiguswe, na friji lirudi kabla ya saa nane, watoto hawajatoka shule.

Guta likalileta likiwa limelazwa. Fundi yeyote atakwambia, friji likilazwa mafuta ya kompresa yanakimbilia kwenye mabomba. Ulisimamishe saa kadhaa kwanza, ukiliwasha papo hapo unaua kompresa. Mume wangu analijua hilo na ni mbishi. Waya hakuchomeka. Kwa hiyo tukawa na friji jeupe, limevikwa kitambaa cha kufuma, limezimwa, limejaa barafu, Dodoma, mwezi wa kumi na moja.

Afisa akaja, mdada mpole na faili lake. Shangazi akampokea kwa "mbukwenyi!", salamu ya Kigogo, iliyosikika mtaa wa pili. Afisa friji hakulitazama hata kwa bahati mbaya. Alitaka kujua mtoto atalala wapi, nani atabaki naye tukiwa kazini, akishikwa na homa usiku tunakimbilia zahanati gani, ndugu wa pande zote wanajua na wanakubali? Mkijiandaa, jiandaeni kwa hayo. Ndugu hasa, maana kuna anayetabasamu sebuleni na kesho anamwita mtoto "yule wa kuokota".

Akafika kwenye lile swali zito: mtoto akikua, mtamwambia kwamba mmemuasili?

Nikakaa vizuri. Hili nilikuwa nimejiandaa. "Tutamwambia mapema, kidogo kidogo, kwa umri wake, asije akalisikia kwa majirani. Sisi nyumba hii, dada yangu, hatufichi kitu."

Hapo hapo ikatoka chini ya mlango wa friji. Nyekundu. Nyembamba. Rangi ya ubuyu mnaijua, ile inayokaa ulimini mpaka kesho yake. Ikashika ufa wa sakafu, ikapita mguu wa stuli, ikaelekea kiatu cha afisa bila haraka yoyote. Nikanyoosha mguu nikaiziba kwa kandambili. Ikazunguka. Nikaleta na mguu wa pili, sasa nimekaa kama mkunga, na bado naongelea uwazi katika familia. Ikapita katikati.

Afisa akaacha kuandika. "Mama... hiyo ni damu?"

Mume wangu akaangalia dari. Shangazi ndiye aliyejibu: "Ni nyama, mwanangu. Tumekuchinjia."

Kimya. Mlango ukagongwa. Akaingia mdogo wake Debora, sare za shule, adabu zote: "Shikamooni. Mama anasema saa nane imefika, anaomba friji letu."

Yaliyobaki ni mafupi. Afisa alicheka mpaka akavua miwani. Aliyoyaandika hayakuhusu friji: shimo la kuhifadhia maji uani lina bati na tofali juu, mtoto anatumbukia, na jiko la mkaa linakaa njiani, mlangoni kabisa. Atarudi kukagua. Mfuniko wa chuma wenye kufuli umeshawekwa, jiko limehamia kibandani, chandarua kimefungwa. Barafu nimezilipa, shilingi mia mia, hadi ya mwisho.

Na mnaoulizia picha: hakuna. Jina, sura, alikotoka, hayo ni ya mtoto, si ya kwangu kuyatangaza. Mtaendelea kupata aibu zangu tu. Shoga, ile sauti uliyotuma kwenye kundi la kwaya ifute.

Shangazi karudi Bahi. Nasikia huko anasimulia kwamba tulimchinjia afisa mbuzi mzima, akala, akaomba na supu.