Mbuzi Hakuwa Kwenye Usukani, Acheni Uongo

Haya jamani nimeona status zenu toka juzi, nimeona na lile la MC mmoja aliyekuwa rafiki yangu, eti Jumamosi pale Mnara wa Saa Moshi mbuzi alikutwa anaendesha gari. Mbuzi hakuendesha gari. Mbuzi alikuwa siti ya nyuma katulia na mkanda kafunga. Ambaye hakufunga mkanda ni mimi, tutafika huko.

Gari yangu mnaijua, Corolla 110 ya kijivu, ile mnaiitaga jeneza. Tangu mwezi wa tatu inaumwa ugonjwa mmoja tu, TPS. Kwa nyie wa bodaboda, TPS ni kasensa kadogo kanakaa ubavuni mwa throto, ule mlango wa kuingizia hewa kwenye enjini, kazi yake kuiambia kompyuta mguu wako umekanyaga mafuta kiasi gani. Inapewa umeme wa volti 5, ukiwa umeachia mafuta inarudisha kama nusu volti, ukikanyaga mpaka chini inapanda taratibu mpaka volti nne na kitu. Sasa ikianza kusema uongo, wewe umekanyaga yenyewe inaripoti jamaa kaachia, kompyuta inakata petroli, gari inasita, inapewa tena inaruka, inakatwa tena. Yaani mnatembea na gari lenye kwikwi.

Ile iliyokuja na gari ilikufa kwa uzee, sina neno nayo. Nikanunua ya kwanza, nikaangalia video mbili za YouTube nikajiona injinia, skrubu mbili tu nikafunga mwenyewe pale nyumbani, gari ikawa kama mpya. Wiki mbili, kwikwi. Nikanunua ya pili, wiki tatu, kwikwi. Ya tatu ndo nikaenda dukani na hasira zangu nikamwambia muuza spea mbele ya wateja kwamba yeye ni mwizi, anauza mabomu ya Kichina kwenye boksi la Kijapani. Mzee wa watu hakujibu, alinipa tu risiti. Hilo jambo naomba mlihifadhi.

Sasa Jumamosi harusi ya binamu yangu. Kama unatoka huku kwetu unajua harusi inaweza kukosa mchungaji lakini sio ndafu, yule mbuzi wa kuchomwa mzima mzima. Pikapu ya kamati ikapata pancha, saa tisa mchana simu inaita, "Mangi, we si una gari, pita Rau umchukue ndafu na shangazi uwalete ukumbini Pasua." Nani angekataa? Na nilikuwa nimejiandaa, maana asubuhi nilishaipeleka kuosha, nikamsimamia dogo wa presha kabisa akapiga nje, ndani, mpaka enjini ikang'aa, nawajua ndugu zangu wanavyochunguzaga.

Ndafu kawekwa siti ya nyuma, kasimamishwa juu ya ubao wake, majani mdomoni, kapakwa mafuta anang'aa kunizidi mimi. Shangazi akasema afungwe mkanda asije akadondoka. Nikamfunga. Shangazi kakaa mbele na ndoo ya kachumbari mapajani.

Toka Rau gari ilikuwa inakohoa kidogo kidogo, nikajikausha. Shangazi kaanza mada yake, mwanaume mzima wa miaka thelathini na sita unaendesha kitu kama hiki, wenzio wanajenga. Ndo tunaingia kipilefti cha Mnara wa Saa, kwikwi ikaja yote.

Nisikilizeni vizuri hapa. Gari inasita, kichwa cha mbuzi kinashuka. Gari inaruka, kichwa kinapanda. Shangazi anasema "wenzio wanajenga", mbuzi anaitikia. "Mara leo spea, kesho spea", mbuzi anaitikia. Nikikanyaga zaidi ndo inazidi, taa ya chek enjini inaniangalia, nyuma daladala inapiga honi, konda kaning'inia mlangoni anapiga kelele "oya mkubwa mbona unacheza muziki peke yako?" Halafu ikaruka ule mruko wa mwisho na kuzima palepale, na mkanda ule wa nyuma ni wa kiunoni tu, ndafu akaja mbele mzima mzima. Akaniwekea kidevu begani. Bega la suti. Mafuta yanashuka taratibu kwenye kola, moto ule, na majani ya mdomoni yananitekenya sikio. Shangazi hakupiga kelele, alisema tu kwa upole, "Usigeuke baba, utamvunja shingo."

Kwa hiyo sikugeuka. Nimekaa katikati ya kipilefti, mikono miwili kwenye usukani, shavu kwa shavu na mbuzi, na mlima nao, ambao mchana wote huwa unajificha na mawingu, siku hiyo umejifunua mpaka kileleni utadhani umeitwa kuja kuona. Watu wa stendi wanakuja na simu. Jamaa mmoja kapiga picha kutoka upande wa kulia, ukiiangalia hiyo picha mimi sionekani, kinaonekana kichwa cha mbuzi juu ya usukani. Ndo picha mliyoletewa na MC, sasa mmeelewa?

Traffiki akaja. Mimi hapo nilishajifungua mkanda ili nimrudishe ndafu nyuma nikashindwa. Afande akainama, akaniangalia, akamwangalia mbuzi, akaniangalia tena. Akasema, "Abiria kafunga mkanda. Wewe dereva?"

Shangazi ndo akacheka. Akacheka mpaka kachumbari ikamwagika, na huyo ndo mtu niliyemtegemea anitetee.

Ya baadaye sio ya kusimulia sana, vijana wakasukuma, ndafu na shangazi wakapanda bajaji wakafika ukumbini kabla ya keki, mimi nikafika saa moja na nusu nanukia nyama choma na MC kanitambulisha kwa jina ambalo siliandiki hapa.

Jumatatu nikakubali yaishe nikaivuta kwa fundi, mzee mmoja wa Majengo asiyeongea sana. Akachomeka kawaya kwenye kile kiboksi cha vipimo karibu na enjini, akawasha swichi, taa ya chek enjini ikakonyeza mara nne, ikapumzika, ikakonyeza mara moja. "Arobaini na moja. TPS." Nikamwambia mzee hiyo naijua, hii ya tatu. Akauliza zile mbili ziko wapi, nikamtolea kwenye buti. Akachukua mita yake ya mshale, akashika waya, anazungusha sensa kwa kidole polepole, mshale unapanda taratibuuu bila kuruka, unashuka taratibu. Ya pili hivyohivyo.

"Hizi nzima."

Nikahisi bega linaanza kuchoma tena pale pale palipokuwa na mbuzi.

Akachomoa soketi ya ile iliyoko kwenye gari, akainamisha. Likadondoka tone la maji. Ndani pini zimeota ukijani kama sufuria ya shaba iliyosahaulika. Akaniuliza maswali mawili tu. La kwanza, "Humu kunakaaga kampira ka kuzuia maji, kako wapi?" Nikakumbuka. Mwezi wa tatu, nafunga ya kwanza, kalidondoka kampira kachafu nikasema haka ni takataka, nikakatupa kwa kuku. La pili, "Na nani anakuoshea enjini kwa presha?"

Sikujibu. Kila Jumamosi, ndugu zangu. Kila Jumamosi nalipia hela yangu nasimama pale namwelekeza dogo, "piga hapo, hapo kwenye throto, hapo hapo." Sensa ilikuwa haifi, ilikuwa inazama, ikikauka inapona, mimi nishanunua nyingine.

Fundi anataka soketi tu, nzima, yenye kampira kake. Na soketi inapatikana kule kule kwa yule mzee niliyemwita mwizi. Niliona aibu kwenda, nikamtuma mdogo wangu, nikamwambia usitaje jina langu, sema ni ya Corolla 110 basi. Karudi na soketi, chenji yote, na salamu: mzee anauliza mbuzi anaendeleaje.