Kompyuta nimenunua mimi, wenyewe ni wao

Hivi jamani, mtu ukinunua kompyuta kwa hela yako unakuwa umenunua nini hasa? Nina kasteshenari kangu hapa Chang'ombe, Dodoma, kazi zenyewe mnazijua, barua za maombi, sivii za vijana wanaosaka ajira kule Mtumba, kuprinti vyeti, basi. Sasa mashine mpya naiwasha tu inaniuliza kama nataka kucheza magemu ya Xbox. Xbox ya wapi mzee, mteja kasimama mlangoni jua la saa nane linamchoma utosi!

Nafungua menyu ndo nikachoka kabisa. Programu ya kukatakata video, ya kuangalia sinema, ya hali ya hewa (hali ya hewa ya Dodoma nayo inataka programu? upepo na vumbi, tayari nimekwambia, bure). Halafu kuna antivirusi ya majaribio, hiyo ndo mama yao. Kijana anahakiki sivii yake kwenye skrini, mara pwaa, kidirisha chekundu kwenye kona, KOMPYUTA YAKO IKO HATARINI, dogo kachomoa fleshi yake mbio hata kusevu hatujasevu. Na windo lenyewe, yaani Windows inayoendesha mashine, lina antivirusi yake ya bure, Defender, inajizima ikishaona antivirusi nyingine imeingia, ukiitoa hiyo nyingine inarudi kazini yenyewe!

Fundi akaniambia wenye programu huwa wanawalipa watengenezaji wa mashine ili waziweke humo. Sawa, wamelipana, punguzo langu mimi liko wapi? Yaani umelipia kiwanja chako Nala mpaka hati unayo, unafika unakuta watu wamepanda uwele wao na wanakuuliza wewe nani.

Haya, tufute. Nyingine zinatoka kwa adabu, unabonyeza kulia, futa, imeisha. Ukifika kwa Edge, ile brauza ya kuingilia mtandaoni, kitufe chenyewe cha kufuta kimepauka, bonyeza mpaka kucha ing'oke. Wenzetu wa Ulaya tangu 2024 wanaifuta wakitaka, maana sheria yao imelazimisha, sie wa Chang'ombe endeleeni kuitazama.

Fundi anataka anipigie windo upya, nikamuuliza hilo jipya halina gemu la karata? Kimya. Gemu lenyewe lilikuwemo tangu windo 3.0 ya mwaka 1990, limetulia zake halikuombi kitu, la siku hizi linakurushia matangazo, hutaki matangazo ulipie kila mwezi. Kulipia karata za kucheza peke yako, jamani!

Basi akafungua PowerShell, kile kidirisha cha kuandikia amri, akaandika Get-AppxPackage, likashuka limlolongo la majina hata huyaelewi, akafyeka moja moja mpaka menyu ikawa nyeupe. Nikampa hela yake roho safi. Kesho yake namfungulia mpwa wangu akaunti anisaidie jioni, wote wamerudi! Karata, Xbox, hali ya hewa, wamejaa tele. Nampigia fundi, ananiambia eti broo ile amri niliyofyekea inafuta kwa mtumiaji mmoja tu, nakala inabaki kwenye mfumo inamsubiri mtumiaji mpya, ya kuziondoa hizo ni Remove-AppxProvisionedPackage, na hiyo bei yake ni nyingine.

Nageuka kumwambia dogo afunge hiyo kitu, kuna mteja wa kuprinti. "Subiri kidogo anko, kuna tangazo hapa, likiisha tu nafunga."