Wifi Inakuja Mtaani

Jina lilitoka kwa wifi yangu mwenyewe, kwa kuwa pilipili ile ya embe ni ya mkono wake: "Pilipili ya Wifi". Usajili wa biashara BRELA tulishamaliza, ukaguzi wa ubora TBS tulishapita. Likabaki jambo dogo tu, au tulidhani ni dogo: watu waanze kuisubiri kabla haijaingia sokoni. Tukajipa wiki tatu.

Tulianza na brodikasti ya WhatsApp, na hapo tulichemsha mapema. Orodha moja inabeba watu 256. Tukaijaza mpaka pomoni, tukatuma, tukakaa kusubiri. Waliojibu ni shangazi na fundi cherehani. Kumbe brodikasti humfikia tu yule aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Wengine wote hawakusikia hata mlio.

Tukageukia stika. Mia moja, kila moja nusu ya karatasi ya A4, za kubandika dukani kwa Mangi, saluni na nyuma ya bajaji. Bidhaa tusiionyeshe, maana tulishasikia kwamba siri huvuta watu. Wifi akaandika kwa mkono wake: WIFI ANAKUJA MTAANI. HIFADHI NAMBA HII, JIANDIKISHE MAPEMA.

Kijana wa steshenari akaona kosa la sarufi, akalirekebisha bila kuuliza. WIFI INAKUJA MTAANI. Nilizikagua pale pale kaunta, nikaona nyekundu imekolea vizuri, nikalipa.

Siku ya kwanza walijiandikisha 41. Kufika siku ya tano daftari lilikuwa na majina 214, na simu haikutulia.

"Dada, hiyo wifi ni kali?"

"Kali hiyo! Utatoka machozi."

"Nyumba yetu ina wapangaji saba. Itatosha?"

"Msipoifakamia, wiki mbili."

"Inafika mpaka vyumba vya uani?"

"Bodaboda anakuletea mlangoni."

"Bei?"

"Elfu tatu."

"Kila mwezi?"

"Hapana, kaka. Ikiisha ndipo unachukua nyingine."

Kimya kidogo. "Mungu awabariki sana, dada."

Mwingine akauliza kama inafanya kazi umeme ukikatika. Nikamjibu kwamba haihitaji hata friji.

Jina kwenye daftari halina uzito, nasema hivi nikiwa nalo mbele yangu. Tungeomba kishika uchumba cha shilingi 500 tu, mtu angeuliza ni cha nini, na picha ingejisafisha hapo hapo. Hatukuomba. Tukapika kwa hesabu ya majina.

Embe kilo 50. Zilipomenywa na kutolewa kokwa zikabaki kama 30. Pilipili mbuzi kilo 4, kitunguu saumu kilo 2, siki lita 10, chumvi. Zikatoka chupa 180 za mililita 250. Pasipotaka mzaha ni kwenye asidi: karatasi ya kupimia pH lazima isome chini ya 4.6, na sisi hatuepui sufuria mpaka ishuke kwenye 4, kwa sababu ikiwa juu, vijidudu vya sumu hupata makazi ndani ya chupa iliyofungwa. Unamimina ikiwa bado na nyuzi 85, unaacha nafasi ya sentimita moja, unafunga, unasimamisha chupa kichwa chini dakika chache ili moto ufike kwenye kifuniko. Na ufungue madirisha. Pilipili mbuzi kilo 4 zikichemka, jirani wa nyumba ya tatu anapiga chafya. Mmoja alikuja kuchungulia, macho mekundu, akauliza kwa heshima, "Ndiyo mnaunganisha nyaya?"

Hata hapo hatukushtuka.

Jumamosi saa tatu asubuhi kibaraza kilijaa. Watu kama 70, wengi vijana, simu mkononi. Mwanafunzi mmoja wa chuo alikuja na kompyuta mpakato na kiti chake. Mjumbe alikuwa akizunguka nyumba, uso juu, anakagua paa.

"Mwanangu, mnara mmeuweka wapi?"

Kabla sijajibu, wifi akatoka ndani, khanga mpya, sinia la mihogo ya kukaanga na chupa mbili za pilipili.

"Wifi ni mimi," akasema. "Karibuni."

Pakawa kimya kama msibani. Halafu sauti kutoka nyuma: "Nywila?"

Mihogo ndiyo iliyotuokoa. Mjumbe alichovya wa kwanza, nadhani kwa ajili ya cheo. Akakohoa, akafuta macho, akasema ni kweli, ni kali, akachukua chupa mbili. Baada ya hapo wengine wakasogea. Asubuhi ile ziliondoka 63. Zilizobaki 117 tulizunguka nazo kwa mama ntilie na wakaanga chipsi miezi miwili. Yule wa kompyuta alinunua moja, akaomba achaji kwetu, akashinda mpaka saa kumi.

Stika za pili tulizisimamia wenyewe. Picha ya chupa imejaa karatasi nzima, pembeni mhogo na pilipili mbuzi, bei chini, na ANAKUJA tuliikagua herufi kwa herufi. Jioni ile ile namba ngeni ikapiga.

"Dada, nimeiona picha. Sasa hiyo chupa ndiyo ruta yenyewe?"