Kamzigo

Kuanzia leo, mtu akiniambia ana "kamzigo", nakata simu. Asubuhi hii, chai haijapoa, jamaa mmoja wa chama chetu hapa Columbus, Ohio, kanipigia: "Kaka, nasikia mnashuka tena Kentucky na kale katela kenu. Nina kamzigo kangu ka Louisville." Kamzigo kenyewe ni friza. Ile ya kulala, ya kuwekea ng'ombe mzima.

Watu wanaamini ukitanguliza "ka", kilo zinaona haya zinapungua zenyewe.

Mimi siku hizi ni mtu wa mahesabu. Tela letu ni la ekseli moja, yaani jozi moja ya magurudumu, vitanda viwili na kajiko (unaona, na mimi nimeanza). Karatasi ya muuzaji ilisema lina kilo 1,200. Ni kweli, kama picha ya pasipoti ilivyo kweli: betri haimo, mitungi ya gesi haimo, sufuria hazimo, maji hayamo. Mwisho wake limeandikwa kilo 1,590, na ukikaribia hapo hata mswaki una kesi ya kujibu.

Halafu kuna pua. Pua ya tela, pale inapokalia gari, inatakiwa ibebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela zima. Ikibeba pungufu, tela linacheza. Ikizidi, gari linakaa kitako, taa zinamulika ndege, usukani unakuwa mwepesi kama wa toi. Na uzito huo wa pua unahesabiwa kwa gari, sawa na abiria. Gari langu lina kibandiko mlangoni kwa dereva: watu na mizigo, jumla isizidi kilo 522. Miaka sita nimefungua mlango ule sijakisoma.

Basi Julai tukawa tunampeleka mama mkwe, mgeni wetu kutoka Tanga, akalione pango la Mammoth Cave kule Kentucky. Usiku wa kuamkia safari nikakaa mezani na kalamu kama karani wa bandari. Pua, 180. Mimi, 86. Watoto wawili, 82. Mizigo ya buti, 50. Mke wangu akasema 70. Nikaandika 70 bila kuinua uso. Zikabaki 54.

Nikamtazama mama mkwe. Alikuwa kwenye kochi, na kochi lilikuwa limemuelewa.

"Mama," nikaanza, kwa sauti ileile niliyoletea posa, "magari ya huku yana utaratibu. Kila abiria anataja kilo."

"Kilo za nini, baba?"

"Zake."

Friji likasikika linanguruma jikoni. Mke wangu akakumbuka ana nguo za kukunja.

"Dar, uwanja wa ndege," akasema mama mkwe taratibu, "walipima mabegi yangu mawili, kila moja kilo 23, wakaninyang'anya na chupa ya samli nikilia. Lakini mimi mwenyewe hawakunipima. Ubalozini wameniuliza mpaka jina la bibi yangu, kilo hawakuniuliza. Mkwe ndiye anataka kunipima?"

"Siyo kupima, mama. Kukadiria tu."

"Haya. Kadiria."

Jamani. Ukikadiria juu, umetukana ukoo mzima wa Pangani. Ukikadiria chini, tairi linapasuka kabla ya Cincinnati. Watoto wameacha simu zao, jambo ambalo halijatokea tangu wazipate. Jasho likanitoka mpaka kwenye magoti, nikasoma namba iliyokuwa mbele yangu.

"Hamsini na nne."

Alicheka mpaka miwani ikaanguka. "Hizo nilikuwa nazo kabla ya kumzaa huyo mkeo! Andika, baba. Andika hizohizo."

Kesho yake, tumeingia barabara kuu ya I-71, lori kubwa likatupita, na tela likaanza kukata mauno. Namaanisha sindimba kamili. Ukikanyaga breki kwa pupa umekwisha. Nikaachia mafuta, nikabana kwa mkono breki za tela peke yake, nyuma nasikia "Ya Latifu, ya Latifu". Likatulia. Moja kwa moja nikajua mchawi ni kinu. Maana begi moja lile la kilo 23 lilikuwa kinu na mchi, tundu lake limejazwa iliki, na watoto walikuwa wamekilaza kitanda cha nyuma, nyuma ya ekseli, mahali pabaya kuliko pote, maana panainua pua.

Tukaingia mizani ya malori. Sauti kwenye kipaza ikauliza kampuni gani. Nikasema familia. Karatasi ikatoka kwa paundi (wazee wetu wangesema ratili), nikageuza kwenye simu: ukijumlisha na pua, tela limezidi kilo 41.

"Nani amezidi?" akauliza mama mkwe kutoka kiti cha nyuma.

Gari zima kimya.

Lita 100 za maji, tangi liko mkiani kabisa, na nililijaza mwenyewe kwa mpira usiku ule. Lita moja, kilo moja. Kinu hata ishirini hakifiki.

"Maji, mama."

Nikafungua koki. Maji safi yanamwagika kwenye majani, na yeye amesimama, mikono kiunoni, anayatazama mpaka tone la mwisho. "Nimebeba ndoo ya lita 20 kichwani miaka kumi na tano, asubuhi na jioni, na mkeo mgongoni," akasema. "Nyie wanaume ndiyo leo mnagundua maji mazito?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Kinu tulikisogeza mbele, juu ya ekseli, kikafungwa kwa khanga yake.

Mama mkwe anarudi Tanga Desemba. Mke wangu amenunua mzani wa kuning'inizia mabegi, kila jioni tunaning'iniza. Kinu kinabaki, lakini nafasi yake imeshapata blenda, na mashuka, na kavitu ka shangazi.

Simu inaita tena. Yule wa friza. Anasema nisiwe na wasiwasi, haitagongagonga njiani: ameijaza mchele.