Magugu sugu kwenye ngano hayamalizwi kwa dawa kali zaidi

Magugu yakibaki hai baada ya kupuliziwa, wengi huuliza dawa gani ni kali zaidi. Ningependa tuulize mbegu ngapi za gugu hilo zitarudi udongoni msimu huu, maana hizo ndizo zitakazotusumbua mwakani.

Kwanza hakikisha ni usugu kweli. Magugu yaliyobaki kwa mistari iliyonyooka ni ya nozeli (mdomo wa kupulizia dawa) iliyoziba au sehemu iliyorukwa. Usugu hujionyesha kwa mimea ya aina moja iliyotapakaa, huu umekauka na jirani yake umesimama kijani. Kinga maji ya kila nozeli kwa dakika moja. Inayotoa asilimia 10 zaidi ya nozeli mpya imelika, ibadilishe. Glaifoseti, dawa ya kuua magugu, nayo ikichanganywa na maji ya matope hushikamana na chembe za udongo, ikaishiwa nguvu kabla ya kufika kwenye jani. Shaka ikibaki, chukua mbegu zilizokomaa za mimea iliyopona, zioteshe kwenye makopo kando ya mbegu za mahali pasipowahi kupuliziwa dawa hiyo. Zikifikisha majani mawili hadi matatu, pulizia kipimo cha lebo, kisha linganisha baada ya wiki tatu.

Ushauri unaotolewa kila mara ni kubadilisha dawa. Ni mzuri, ila haujitoshelezi. Klodinafopu, fenoksapropu na pinoksadeni ni majina matatu ya dawa za magugu, lakini zote ni za kundi la 1 na hupiga sehemu ileile ya mmea. Anayezizungusha hizo hajabadilisha kitu. Soma namba ya kundi kwenye lebo. Tena kuna raigrasi, gugu la jamii ya nyasi, inayoivunjavunja dawa ndani ya mmea, na hiyo huweza kuhimili hata kundi ambalo shamba halijawahi kuliona. Kupunguza kipimo ili kubana matumizi huchochea usugu wa namna hii: mimea yenye uwezo kidogo hupona, huchavushana, na kizazi kinachofuata huwa na uwezo zaidi.

Kwa hiyo kazi kubwa ifanyike nje ya tangi la dawa. Acha magugu ya mwanzo yaote, yaue, ndipo upande. Sogeza mistari karibu ili ngano iwahi kufunika udongo. Wakati wa kuvuna ndipo penye nafasi tunayoipoteza zaidi. Raigrasi hushikilia sehemu kubwa ya mbegu zake mpaka ngano inapokauka, halafu kombaini huzibeba na kuzisambaza shamba zima. Kata chini, kama sentimita 15 kutoka ardhini, na uelekeze makapi yaanguke kwenye mstari mmoja mwembamba. Mbegu nyingi zitaoza humo, na zitakazoota zitakuwa mahali unapopajua. Ray Harrington, mkulima wa Australia Magharibi, alibuni kinu cha kusaga makapi hayo pamoja na mbegu zilizomo. Oti mwitu, gugu jingine la jamii ya nyasi, ni shida nyingine, kwani hudondosha mbegu nyingi kabla ya mavuno. Yakiwa mabaka machache, yang'oe kwa mkono mapema.

Mbegu nyingi za raigrasi hazidumu udongoni zaidi ya miaka mitatu au minne. Anayezuia mbegu mpya kwa muda huo ataona tofauti, na mikunde katikati ya misimu ya ngano humpa nafasi ya kutumia makundi mengine ya dawa.

Wadudu nao wanahusiana na suala hili. Vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, hujificha kwenye ngano ya maotea (iliyojiotea yenyewe) na magugu ya jamii ya nyasi, kisha huhamia kwenye ngano changa vikiwa vimebeba virusi vya unjano, vinavyofanya majani kuwa manjano. Safisha shamba angalau wiki mbili kabla ya kupanda. Ila kuongeza dawa ya wadudu kwenye tangi "kwa tahadhari tu" sikubaliani nako hata kidogo. Pairethroidi, aina ya dawa za wadudu, huua pia nyigu wadogo wanaotaga ndani ya vidukari, na vidukari vya masuke vyenye usugu kwa dawa hizo vimeshapatikana Uingereza. Huko, kwa vidukari wa masuke, kiwango cha kuanza kupulizia kabla ya ngano kuchanua ni nusu ya mashina kuwa na vidukari. Hesabu mashina sehemu mbalimbali za shamba, siyo pembezoni tu. Ukikuta vidukari vingi vimevimba, vikavu na vya rangi ya kahawia, nyigu wako kazini. Subiri siku chache uhesabu tena.