Akademi zilifaa kufunguliwa kwanza? Kisumu na Nakuru zina la kusema

Kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2021, mtoto wa darasa la pili nchini Kenya hakukanyaga darasani, awe wa shule ya umma au ya kibinafsi. Kisa cha kwanza cha Covid-19 kilitangazwa Machi 13. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akaamuru shule zifungwe, na wiki haikwisha kabla ya mabweni kubaki matupu. Julai 7, Waziri wa Elimu wa wakati huo, marehemu Profesa George Magoha, akafuta mwaka mzima: KCPE ya darasa la nane hakuna, KCSE ya kidato cha nne hakuna, tukutane Januari. Hapo ndipo wenye shule za kibinafsi, tunazoziita akademi, walipopandisha sauti. Walitaka kujua kwa nini shule yenye watoto 25 darasani ifungwe eti kwa kuwa shule ya umma iliyo jirani inabana watoto 80 kwenye chumba kimoja.

Swali lilikuwa la haki. Lakini nikikumbuka jinsi lilivyojadiliwa, naona waliolitetea na waliolipinga walikuwa wakiizungumzia shule moja ambayo huku kwetu ni nadra. Ukitajiwa shule ya kibinafsi unafikiria basi la manjano, uwanja wa nyasi, bwawa la kuogelea na mzazi mwenye gari. Shule hizo zipo, pale Milimani ya Kisumu na Milimani ya Nakuru. Ila ukishuka Nyalenda, Manyatta au Obunga, au ukienda Kaptembwa na Rhonda upande wa Nakuru, shule ya kibinafsi ni akademi ya mabati kwenye ploti ya kukodi. Karo inalipwa kidogokidogo, mia tatu leo, mia tano wiki ijayo, na wazazi ni mama anayeuza omena, fundi wa mjengo na mwendeshaji boda boda. Mama huyo hakuchagua akademi kwa majivuno. Shule ya umma imejaa au iko mbali, na akademi inampokea mtoto alfajiri ili yeye awahi soko la Kibuye.

Kwa hiyo hoja ya usawa, ambayo ndiyo iliyotumiwa sana kukataa shule za kibinafsi zisitangulie, ilianza vibaya. Ilichukulia kwamba kibinafsi maana yake ni tajiri. Hata hivyo tuipe heshima yake, kwa sababu si hoja nyepesi. KCPE ya wakati ule ilikuwa mashindano: alama chache tu zilitenganisha mtoto anayeitwa kujiunga na shule ya Maseno au Nakuru Girls na yule anayebaki shule ya kutwa ya kata. Kama akademi zingefunguliwa Julai na shule za umma zikasubiri, mtoto wa akademi angeingia chumba cha mtihani akiwa na miezi ya ziada. Mzazi wa shule ya umma angekuwa na sababu nzuri ya kwenda mahakamani.

Lakini mtihani wenyewe ulisogezwa, ukafanywa Machi 2021. Ukishakuwa na mamlaka ya kusogeza mtihani, unaweza kuuweka tarehe inayompa kila mtahiniwa muda wa kutosha, na woga wa kutangulia unapungua makali. Halafu kuna jambo lililofanya usawa huo uwe wa makaratasi tu: shule zenye uwezo hazikuacha kufundisha. Walimu wao waliingia Zoom, na shule za mitaala ya kigeni ziliendelea na masomo ya mtandaoni bila kugombana na Wizara. Sisi wengine tuliambiwa tusikilize vipindi vya KICD, taasisi ya serikali ya mitaala, kwenye redio ya KBC na kuangalia Edu TV. Mwezi huohuo wa Julai, kampuni ya Loon, iliyokuwa chini ya Alphabet, kampuni mama ya Google, iliwasha maputo yake angani kwa kushirikiana na Telkom, yarushe intaneti katika maeneo ya magharibi na kati ya Kenya. Ni uhandisi wa kustaajabisha, sikatai. Ila puto haliweki simu mkononi mwa mtoto wa Obunga, wala halimnunulii bando. Kufunga shule zote kulimzuia mtoto wa umma na mtoto wa akademi ya mabati kwa pamoja, na yule wa Milimani akaendelea na kazi yake. Usawa wa namna hiyo ulimwangukia nani?

Upande wa afya ndio uliokuwa mgumu kujibiwa, na watetezi wa akademi waliupita mbio. Watoto wenyewe walionekana mapema kutougua sana. Hofu ilikuwa nyumbani. Huku magharibi watoto wengi wanalelewa na nyanya zao, na chumba kimoja cha kupanga kinaweza kulaza vizazi vitatu. Mtoto wa akademi hasafiri kwa njia ya peke yake. Anapanda matatu ileile, anapitia soko lilelile. Mwenye shule angeweza kupima joto langoni na kuweka tangi la maji na sabuni, lakini mamlaka yake yanaishia langoni. Na kwenye mitaa ambako maji hununuliwa kwa mtungi, hata hilo tangi ni gharama ya kila siku.

Wenye akademi nao walikuwa na jibu, na lilitoka serikalini kwenyewe. Siku moja kabla ya mwaka wa masomo kufutwa, Rais alikuwa amefungua njia ya kuingia na kutoka Nairobi na kuruhusu ibada za watu wasiozidi 100 kwa saa moja. Kweli, walio chini ya miaka 13 na walio juu ya miaka 58 walizuiwa kanisani na msikitini. Lakini nchi ambayo tayari imeamua kwamba watu wazima mia wanaweza kukaa pamoja ndani ya jengo moja, kisha wakarudi nyumbani kwa nyanya yuleyule, inadaiwa maelezo kuhusu watoto 20 na mwalimu wao. Maelezo yenyewe yalikuwa machache.

Tuje kwenye pesa, maana ndiko mjadala ulikoumia. Mwalimu aliyeajiriwa na TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu wa shule za umma, aliendelea kupata mshahara miezi yote hiyo, na ilikuwa haki yake. Mwalimu wa akademi alipewa likizo bila malipo. Afueni ya kodi ya mapato kwa wanaolipwa hadi shilingi 24,000 haikumsaidia, kwa kuwa huwezi kusamehewa kodi ya mshahara usioupata. Mpango wa kufufua uchumi wa shilingi bilioni 53.7 uliotangazwa Mei 2020 ulitenga bilioni 6.5 kwa elimu: kuajiri walimu 10,000, kununua madawati 250,000 kutoka kwa mafundi wa humu nchini, na mengineyo. Yote yalilenga shule za umma. Walimu wa akademi waliuza mitumba, wakashika boda boda, wakarudi mashambani. Kwingineko nchini kuna shule iliyogeuza madarasa kuwa mabanda ya kuku, na habari zake zikazunguka dunia nzima.

Hata kufunguliwa kwenyewe hakukuwapa nafuu. Oktoba 12 waliitwa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne peke yao. Piga hesabu ya akademi ya msingi: mwenye ploti anadai kodi ya madarasa yote, mlinzi analipwa mshahara mzima, na karo inatoka kwa madarasa mawili. Zingine zilivumilia hadi Januari. Zingine hazikufungua tena.

Hapa nawalaumu wenye shule za kibinafsi, au niseme chama chao. Walikwenda serikalini kuomba mikopo nafuu, na wakasikika kama wafanyabiashara waliopata hasara kama wafanyabiashara wengine wote. Hoteli pia zilifungwa, baa pia. Hoja yao bora waliiacha mezani: akademi ikifa, watoto wake wanahamia shule ya umma iliyo jirani, ile yenye 80 darasani. Kwa hiyo aliyekuwa akiogopa msongamano katika shule za umma alikuwa na sababu ya kuogopa kifo cha akademi. Januari 2021 shule za umma ziliwapokea waliohama, madawati mapya yakiwa hayatoshi.

Na msongamano huku kwetu si jambo la kukisia. Februari 3, 2020, wiki sita tu kabla ya shule kufungwa, watoto zaidi ya kumi walikufa kwa kukanyagana kwenye ngazi walipokuwa wakitoka madarasani katika Shule ya Msingi ya Kakamega. Lakini anayetaka kuutumia msiba huo kuonyesha kwamba shule za kibinafsi ni salama zaidi akumbuke Septemba 2019, pale darasa la mbao na mabati la Precious Talent, akademi ya kibinafsi huko Dagoretti, Nairobi, lilipoporomoka na kuua wanafunzi. Shule hiyo ilikuwa ikifundisha kila siku, na jengo likaonekana baya baada ya watoto kufa. Tukiruhusu kila akademi ifungue mradi itimize masharti, nani angekagua? Maafisa wa ubora wa elimu katika kaunti ndogo hawakutosha hata wakati wa amani. Kwangu mimi, hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za kukataa, nzito kuliko ya usawa, na haikupewa nafasi kubwa kwa sababu ingeilazimisha Wizara ikiri udhaifu wake.

Bado nasimama upande wa kufungua, kwa kigezo kimoja: nafasi na maji. Suala la nani anamiliki shule lisihusike. Shule ya umma ya kijijini Siaya au Njoro yenye watoto wachache na uwanja mpana ingefunguliwa kabla ya akademi ya ghorofa iliyobanana katikati ya mji. Najua gharama ya msimamo huu. Kwa kigezo hicho Milimani ingefunguka mapema na Nyalenda ingechelewa, yaani mtoto ambaye nimekuwa nikimtetea tangu mwanzo angekuwa wa mwisho kurudi. Njia ya kulipunguza hilo ilikuwepo: viwanja vya shule za umma vilivyokaa vitupu na kumbi za makanisa zisizotumika katikati ya wiki zingewapokea watoto wa akademi kwa zamu. Wizara ilijaribu kitu cha jamaa hiyo, masomo ndani ya jamii, chini ya miti na kwenye kumbi, lakini iliwategemea walimu wa TSC, ikawaacha nje walimu wa akademi waliokuwa wakitafuta kazi, na mpango wenyewe ukakwama mahakamani.

Halafu ikaja 2021, na mambo yakageuka kinyume. Machi 26, Nakuru ilifungiwa pamoja na Nairobi, Kiambu, Machakos na Kajiado, masomo ya ana kwa ana yakasimamishwa isipokuwa kwa watahiniwa na wanafunzi wa udaktari na uuguzi. Mei, kirusi cha Delta kikagunduliwa Kisumu. Kufikia Juni kaunti 13 za ukanda wa ziwa na magharibi ziliwekewa kafyu ya saa moja jioni, na hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga ilikuwa ikihangaikia oksijeni. Shule hazikufungwa. Yaani 2020, wakati visa vilikuwa vimejaa Nairobi na Mombasa na Kisumu ina vichache, mtoto wa Kisumu alibaki nyumbani; 2021, wakati Kisumu ndiyo ilikuwa ikiungua, mtoto huyohuyo alikuwa darasani. Wanaopinga hoja yangu watasema kufikia Juni baadhi ya walimu walikuwa wamechanjwa, kwani chanjo ya AstraZeneca ilianza kutolewa Machi na walimu walikuwa miongoni mwa waliopewa kipaumbele. Ni kweli. Barakoa pia ilikuwa imezoeleka. Kwa hiyo siichukui Juni 2021 kama ushahidi kwamba Julai 2020 ilikuwa salama.

Inachoonyesha ni kitu kingine: uamuzi haukufuata hali ya mahali. Chini ya Katiba, hospitali ni za kaunti, isipokuwa zile za rufaa za kitaifa, na elimu ya msingi imebaki mikononi mwa serikali ya kitaifa, isipokuwa chekechea. Gavana wa Kisumu alijua vitanda vyake viko vingapi; aliyeamua kuhusu shule alikuwa Jogoo House, makao ya Wizara ya Elimu jijini Nairobi. Majirani nao walifuata njia zao, kila mmoja na yake. Tanzania ilirudisha wanafunzi wote mwishoni mwa Juni 2020. Uganda iliwaacha wengi nyumbani hadi Januari 2022, na mzazi wa Busia aliona tofauti hiyo kwa kuvuka mpaka tu. Kenya ilikaa katikati, ikatumia kipimo kimoja kwa Mombasa na Bondo.

Kama ugonjwa mwingine utakuja, mabishano ya akademi dhidi ya umma yataanza tena, kwa sababu bado hakuna utaratibu unaompa mkurugenzi wa elimu na mkuu wa afya wa kaunti haki ya kukaa pamoja na kuamua shule ipi ifungue. Kuandika utaratibu huo hakuhitaji mabilioni. Wenye akademi wakitaka wasikilizwe safari hiyo, waende na orodha ya madarasa yao, upana wake, vyoo, maji na idadi ya watoto ambao shule ya umma jirani italazimika kuwapokea ikiwa wao watafunga milango. Wakianza na mikopo tena, watajibiwa vilevile.